Jino Lililong'oka ni la Nani?

Seli shina za meno, zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine, zilitambuliwa mwaka 2000, katika kiini cha jino la mtu mzima, na watafiti wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani. Mwaka 2003 zikapatikana katika meno ya utoto yaliyong'oka yenyewe. Katika kila jino la mbele zilipatikana seli 12 hadi 20 tu zilizoweza kuanzisha makundi mapya, lakini zilizaliana kwa kasi na baadhi ziligeuka kuwa za kutengeneza dentini.

Habari hiyo iliwapa nafuu baadhi ya wanateolojia. Tangu mwaka 1998 mabishano kuhusu seli shina yalihusu zaidi kiinitete cha binadamu, ambacho huharibiwa seli zake zinapochukuliwa. Kuchukua jino la utoto hakumuui mtu. Waraka wa Vatikani wa mwaka 2008, Dignitas Personae, unakubali seli zinazotolewa kwa mtu bila kumdhuru sana. Wengi wakadhani swali limekwisha. Kumbe limehama tu: kutoka uhai hadi umiliki.

Anayesoma uzamili wa tiba ya kuotesha upya tishu za meno, kama ule wa King's College London, hulikuta swali hilo kabla hajagusa hadubini. Jino hufika maabara likiwa ndani ya kimiminika chenye dawa za kuua bakteria. Hufunguliwa, kiini chake hutolewa na kuyeyushwa kwa vimeng'enya, kisha seli huwekwa katika joto la nyuzi 37. Baada ya hapo kitu kinachokua si taka tena. Kinabeba vinasaba vya mtoto, na kinaweza kugandishwa kwa miaka mingi.

Sheria ilikuwa imeshalijibu swali la umiliki: mwaka 1990 Mahakama ya Juu ya California, katika kesi ya mgonjwa aitwaye Moore, iliamua kwamba mgonjwa hana haki ya mali juu ya seli zilizokwisha kutolewa mwilini mwake, ingawa daktari anawajibika kumweleza nia yake ya kuzitumia. Uamuzi huo unamwacha mtafiti na mali, na mgonjwa na maelezo.

Fikihi ya Kiislamu huanzia kwingine. Mwili ni amana na mwanadamu amekirimiwa, kwa hiyo viungo vyake haviuzwi; hata nywele na kucha zilizokatwa hupendekezwa zizikwe. Tiba yenyewe haina ugomvi na Muumba: Arfaja bin As'ad, aliyepoteza pua vitani, aliruhusiwa na Mtume kuvaa pua ya dhahabu, na wanazuoni wakapata hapo hoja ya kufunga meno kwa dhahabu. Kurekebisha mwili ni halali. Kuufanyia biashara ndiko kunakokatazwa.

Atasema mtu: mbona watoto wengi hurusha jino juu ya paa, wakiomba jipya? Lakini kutupa si kutoa. Anayetupa hakusudii kitu chake kiendelee kuishi katika friji ya mtu mwingine. Mtoto wa miaka sita hawezi kuridhia hilo, na mzazi huridhia kwa niaba yake kwa muda tu, si kwa maisha yake yote. Kwa hiyo ridhaa ya mzazi inatosha kuanzisha utafiti, lakini haitoshi kumpa mtafiti umiliki wa seli: mtoto akifikia utu uzima aulizwe upya, na akikataa, seli zake ziharibiwe.