Wiki ya Mwisho Kabla ya Mtihani wa Udaktari
Kwa kijana wa Fizi au Baraka, mashariki mwa Kongo, njia ya udaktari hupitia kwanza Mtihani wa Taifa, Exetat, kisha mara nyingi hupanda hadi Bukavu, ambako Chuo Kikuu Rasmi (UOB), Chuo Kikuu Katoliki (UCB) na kile cha Kiinjili (UEA) vina vitivo vya utabibu. Pale chuo kinapochuja waombaji kwa mtihani wake, wiki ya mwisho si ya kufungua somo jipya. Ni ya kukokotoa. Gramu 90 za glukosi ni moli ngapi? Atomu 6 za kaboni, 12 za hidrojeni na 6 za oksijeni huleta gramu 180 kwa moli, basi jibu ni nusu moli. Hesabu kama hiyo irudiwe kwa kalamu, bila mashine, hadi mkono uizoee. Kuitazama tu daftarini humdanganya mtu kwamba anajua. Masomo na maswali ni kwa Kifaransa, kwa hiyo biolojia nayo ielezwe kwa Kifaransa, kwa sauti, mbele ya mwenzake. Kukesha hakusaidii: ubongo huimarisha kumbukumbu usingizini, na aliyechoka husoma swali nusu.

Safari nayo ni sehemu ya maandalizi, ingawa ni rahisi kuisahau. Kutoka Baraka gari hufuata Ziwa Tanganyika hadi Uvira, kisha bonde la Ruzizi, kabla ya kukabili milima. Mvua ikinyesha, magari hukwama matopeni. Heri kufika siku mbili kabla, vyeti vya shule na kitambulisho vikiwa vimefungwa ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na kalamu ya akiba.