Saa Iliyofichwa Chini ya Kanzu

Mwezi wa pili tangu nirudi kutoka masomoni, nilikwenda kusoma Misa katika kigango kimoja kilicho mbali sana na misioni. Watu walikuwa wakikusanyika polepole chini ya mwembe, na mzee mmoja, ambaye kazi yake ni kugonga kile kipande cha reli kitumikacho kama kengele, akanijia akaniuliza, "Padre, sasa saa ngapi? Nipige ya pili?" Nilikuwa na saa mkononi, tena saa njema kupita zote nilizopata kuvaa. Lakini mkono wangu wa kuume ulikwenda wenyewe, ukaivuta kanzu mpaka kwenye kiganja. Nikalitazama jua kama mtu asiye na saa, nikamjibu, "Nadhani yapata saa tatu, mzee." Akaenda kugonga reli yake.

Katika maneno yale hamkuwa na uongo, kwa maana kweli ilikuwa yapata saa tatu. Walakini tendo lenyewe lilikuwa la uongo, nalo limenisumbua tangu siku ile. Nimeona yafaa nilieleze hapa wazi, kwa kuwa swali litokalo katika jambo hili si langu peke yangu. Wengi wetu tuna kitu fulani nyumbani ambacho hukisogeza nyuma ya pazia ndugu fulani ajapo kututembelea.

Saa hii sikuinunua. Miaka ile niliposoma Roma, likizo zangu nilizitumia kusaidia kazi za parokia moja nchini Ujerumani, na huko nilizoeana na mzee aliyekuwa zamani rubani wa ndege za masafa marefu. Mkewe alikuwa amekwisha kufariki, na watoto hawakujaliwa. Nilikuwa nikimpelekea Komunyo, na kila mara alinichelewesha kwa hadithi za safari zake. Baada ya Noeli iliyopita, nilipokwenda kumuaga, aliivua saa mkononi mwake akanifunga yeye mwenyewe, kama mtu amvikaye mtoto. Alisema kwamba miaka yote ya kuruka alikuwa akiitazama apate kujua kama mkewe amelala au ameamka. Sasa nyumbani kwake hapakuwa tena na mtu wa kuulizia saa, basi afadhali ichukuliwe na mtu ambaye bado ana kwao. Nilikataa mara mbili. Mara ya tatu nilinyamaza.

Labda msomaji atapenda kujua ni saa ya namna gani. Ni saa ya kamani, haina betri. Ndani yake mna kipande cha chuma kizito kizungukacho kila mkono unapotikisika, nacho huikaza kamani, hata mwenye kuivaa kila siku hana haja ya kuitia ufunguo. Katika saa nyingi za jinsi hii za siku hizi, lile gurudumu dogo liendalo huku na huko hupiga mara 28,800 kwa saa moja, yaani mara nane kwa kila sekunde. Mishale yake ni minne. Ule mfupi wa kawaida huonyesha saa ya mahali ulipo, na msafiri aweza kuurusha mbele au nyuma saa nzima nzima bila kuzisimamisha dakika. Wa nne huzunguka mara moja tu kwa mchana na usiku, ukielekea tarakimu 24 zilizoandikwa katika pete ya ukingoni, nao ndio ukaao na saa ya nyumbani. Saa hizi zilitokea wakati ndege zilipoanza kuwavusha watu bahari kwa muda mfupi. Glycine ya Uswisi ilitoa yake iitwayo Airman mwaka 1953, na Rolex ikatoa GMT-Master mwaka 1955, iliyovaliwa na marubani wa shirika la Pan American. Herufi hizo tatu zasimamia wakati wa Greenwich, mahali ambapo mkutano wa mataifa uliokutana Washington mwaka 1884 ulipachagua pawe mwanzo wa kuhesabia longitudo.

Pete ile ya ukingoni huzunguka, nami niliitumia kwa jambo ambalo sidhani mafundi wa Uswisi walilifikiri. Niliuweka mshale wa nne katika saa ya Afrika Mashariki, kisha nikaizungusha pete robo ya mzunguko, ili saa kumi na mbili asubuhi mshale uangukie 24, na saa moja uangukie 1. Hivyo saa ya Kizungu ikaanza kusema Kiswahili. Sisi tumezoea kuutazama mshale na kusoma tarakimu iliyo mkabala wake, hata tumesahau kwamba twafanya hesabu. Nikiwa darasani Roma wakati wa baridi, saa tatu ya asubuhi, niliona mkononi kwamba kwetu ni saa tano, mama yangu yu njiani kutoka shambani. Kwa kweli saa zetu zi karibu na Injili kuliko zao. Wafanya kazi wa shamba la mizabibu waliajiriwa saa tatu, saa sita, saa tisa na saa kumi na moja. Mwanafunzi wa Ulaya hana budi kufasiriwa hesabu hiyo, lakini kwetu mtoto wa darasa la pili ajua kwamba aliyeajiriwa saa kumi na moja hakufanya kazi hata kidogo.

Basi miezi ile ya Roma niliivaa saa hii kwa furaha, wala moyo haukunishtaki. Kule ilikuwa saa moja kati ya saa nyingi. Ni mwenzangu mmoja wa masomo aliyenionyesha bei ya ndugu yake katika dirisha la duka. Saa za jinsi hii zenye majina makubwa huuzwa siku hizi kwa dola 10,000 za Kimarekani na zaidi. Tangu dakika ile nilivuka barabara nikiwa nimebeba nyumba ya katekista mkononi.

Wala mtu asiseme kwamba bei hiyo ni ya kujua saa barabara. Tangu kampuni ya Seiko ilipoanza kuuza saa ya mkono ya kwanza yenye fuwele, mjini Tokyo, siku ya Noeli ya mwaka 1969, saa ya bei ndogo sokoni yaweza kuishinda ile ya kamani kwa usahihi. Simu iliyo mfukoni huishinda zaidi. Yangu huenda mbele sekunde chache kila siku, nami nimeisamehe. Kinachonunuliwa hapo ni ustadi, na urembo, na jina. Twasoma kwamba mjini Geneva, katika siku za Kalvini, mapambo ya dhahabu yalikatazwa, na wafua dhahabu wengi wakageukia kazi ya saa. Chama chao cha mafundi kiliundwa mwaka 1601. Saa ilikuwa na ruhusa kwa kuwa ilikuwa chombo cha matumizi. Ndiyo njia ya zamani ya anasa, kuingia kwa mlango wa kazi.

Niliporudi nyumbani, saa ikaanza kunitawala kwa mambo madogo. Siku moja ya mvua gari la misioni lilikwama matopeni. Abiria wote walishuka wakaingia topeni mpaka magotini, na katekista akawa wa kwanza kutia bega. Mimi nilibaki nyuma nikitafuta mfuko mkavu wa kuitia saa. Nilipokwisha kuupata, gari lilikuwa limekwisha kutoka. Hakuna aliyenisema, pengine hakuna aliyeona. Lakini mimi najua nilikuwa wapi.

Sasa nasema neno juu ya majibu mawili ambayo watu hupenda kuyatoa upesi.

La kwanza ni hili: iuze, uwape maskini. Mwenye kusema hivyo asifikiri kwamba amemaliza. Maria wa Betania aliivunja chupa ya marhamu iliyopata dinari 300, na dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku nzima, yaani marhamu ile ilikuwa karibu ujira wa mwaka. Aliyesema afadhali ingeuzwa alikuwa Yuda. Zawadi ina heshima yake, na atoaye kwa upendo hatoi fedha. Yule rubani hakunipa dola. Alinipa saa ambayo kwayo alimkumbuka mkewe. Kuibadili kuwa noti bila kumwuliza ni kumwambia kwamba sikuelewa alichonipa.

La pili ni kinyume chake: ihifadhi, zawadi ni zawadi, moyo wako uwe huru tu. Jibu hili lanipendeza, na kwa sababu hiyo naliogopa. Nimewasikia watu wengi wakijificha nyuma ya Maria wa Betania, mapadre wakiwamo. Lakini tuisome vema habari ile: marhamu ilimwagwa. Haikurudishwa kabatini. Nyumba nzima ikajaa harufu yake, na mwenye chupa akabaki na vigae. Saa yangu haijamwagwa. Iko mkononi pangu, na kila mwaka bei ya wenzake yapanda.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, ambaye katika seminari kuu tulimsoma pengine kwa kuogopa mtihani zaidi ya kwa kutafuta hekima, apambanua vizuri hapa. Mtu aweza kuwa na mali yake na kuitunza, kwa kuwa kila mtu hutunza vizuri zaidi kilicho chake. Lakini katika kuitumia imempasa kuihesabu kama mali ya wote, awe tayari kuitoa mwingine apatapo shida. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya mapadre ya mwaka 1965, uliwakumbusha mapadre wasiifanye huduma yao njia ya faida, waupende hata ufukara wa hiari. Basi swali halikuwa kama naruhusiwa kuwa na saa. Swali ni kama iko tayari kutoka. Na kanzu yangu ilikuwa imekwisha kunijibu, kwa kuwa kitu kilicho tayari kutoka hakifichwi.

Hata hivyo si kila kuficha ni kubaya. Yuko afichaye chakula chake asimtamanishe mwenye njaa ambaye hana la kumsaidia, na huo ni upole. Yuko afichaye chakula chake asiombwe. Nje huwezi kuwatofautisha. Nilijiuliza mara nyingi mimi nilikuwa yupi siku ile chini ya mwembe, nikaona kwamba sikumwogopa mzee asije akaumia. Nilimwogopa asije akaniuliza ilipotoka.

Juma lililopita nilirudi katika kigango kile. Nilikunja mkono wa kanzu mapema, kabla sijamwona mtu. Mzee alipokuja kuuliza saa, nilimnyoshea mkono asome mwenyewe. Akaitazama kitambo, akasema, "Mbona mishale minne, Padre?" Nikamweleza habari za rubani na mkewe, na jinsi mshale ule ulivyokuwa ukimwonyesha saa ya nyumbani. Nilingoja aniulize bei. Hakuuliza. Alisema, "Na yeye sasa, nani amjuaye kama amelala?" Kisha akaenda kugonga reli, kwa maana saa tatu ilikuwa imefika.

Nami nilisimama pale nikikumbuka kwamba tangu nirudi nchini sikumwandikia yule rubani hata mstari mmoja. Nilikuwa nimehangaika miezi mingi juu ya saa yake, ihifadhiwe au iuzwe, nikamsahau mwenyewe.

Usiku ule nilimwandikia barua ndefu. Nilimweleza habari za kigango, za mzee na reli yake, za gari matopeni. Nilimwuliza pia, bila kuzunguka, kama angechukizwa saa ikiuzwa ili kile kigango kiezekwe bati, au kama apenda iendelee kukaa mkononi. Nimeahidi kulifuata neno lake. Jibu bado halijafika. Jioni hizi, nimalizapo kusali sala za usiku, huutazama mshale ule wa nne, nikarudisha nyuma saa mbili kwa kichwa, nipate kujua kama mzee yule kule Ujerumani amekwisha kuzima taa.