Rupia Iliyochakaa

Somo: Luka 15:8–10



Yule mwanamke wa mfano wa Bwana wetu alikuwa na vipande kumi vya fedha. Alipopotewa na kimoja hakusema, Tisa vyanitosha. Aliwasha taa, akashika ufagio, wala hakupumzika mpaka kimeonekana. Drakma ile ya Kiyunani thamani yake ilikuwa karibu na ujira wa kibarua wa siku moja. Hatuambiwi kama ilikuwa mpya au imechakaa. Twaambiwa tu kwamba ilikuwa yake, nayo ilitafutwa.

Nasi huku kwetu tunayo fedha ya zamani iwezayo kutufundisha, nayo ni rupia ya Mjerumani. Ilianza kupigwa chapa mwaka 1890 kwa jina la Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, na tangu mwaka 1904 kwa jina la koloni yenyewe. Uzito wake ni gramu 11.66, na katika sehemu 1000 za madini yake sehemu 917 ni fedha safi. Kwa rupia hizo wazee wetu walilipa kodi ya nyumba iliyoanza mwaka 1898. Tangu mwaka 1921 shilingi ilishika mahali pake. Rupia nyingine zikabaki masandukuni, nyingine zikatobolewa na kuvaliwa shingoni. Hata leo wako watu wapitao vijijini wakiziulizia. Basi mzee wa Sepuka aliye na moja yampasa kujua jinsi ipimwavyo, asije akadhulumiwa. Tena katika kujua hayo atapata neno lililo kuu kuliko bei.

Mpimaji mwaminifu kwanza huuliza, Je, ni ya kweli? Huitia mizanini. Huileta karibu na sumaku, maana fedha haivutwi; walakini shaba nayo haivutwi, basi alama hiyo peke yake haitoshi. Hutazama ukingoni kama pana mshono, maana rupia ya kweli ilipigwa chapa, haikumiminwa katika kalibu.

Pili, huuliza imechakaa kadiri gani. Huishika kwa ukingo wake, akaigeuza polepole mbele ya nuru. Sehemu zilizoinuka ndizo zilikazo kwanza: tai aliye juu ya kofia ya Kaisari Wilhelm, shavu lake, na masharubu yake. Wapimaji wengi hutumia daraja za 1 mpaka 70, desturi iliyotoka kwa William Sheldon wa Marekani mwaka 1949. Iliyo kama ilivyotoka chini ya chapa, bila ila yo yote, hupewa 70. Ile ambayo sura yake imefutika, hata yatambulika kwa shida tu, hupewa 1. Lakini angalieni, ndugu: hata hiyo ya 1 imehesabiwa. Haikutupwa miongoni mwa bandia. Fedha yake ni ile ile, isipokuwa kidogo kilichokwenda na mikono ya watu katika kazi ambayo ilifanyiwa.

Tatu, mpimaji huuliza, Je, imeharibiwa? Hapo wengi hukosea. Mtu huiona rupia yake imeingia weusi, akadhani ni uchafu. Akaisugua kwa majivu na mchanga hata ing'ae. Weusi ule ni utando tu, uliofanywa na salfa iliyomo hewani juu ya fedha. Mwenye kuisugua haondoi utando peke yake, hukwangua na uso wa fedha. Mjuzi akiigeuza mbele ya nuru huona mikwaruzo myembamba, na mng'ao usio na uhai. Basi rupia ile iliyosuguliwa ili ionekane mpya mara nyingi hunyimwa namba ya daraja, ikaandikiwa ila yake tu. Na mwenzake mweusi, aliyechakaa kwa kazi, akapewa namba yake.

Neno hili latuhusu, wapendwa. Katika Amri ya Saba twakatazwa kuiba, na Katekisimo Ndogo yatufundisha kwamba hila katika kununua na kuuza ni wizi. Basi ajuaye thamani ya rupia, akamwambia mjane kwamba ni chuma tu ili aichukue kwa bei ya kibaba cha chumvi, huyo ni mwizi, ijapokuwa mjane ameitoa kwa mkono wake mwenyewe. Na katika Amri ya Nane twakatazwa kumshuhudia jirani uongo. Je, hatuvunji amri hii tukimpima mtu kama yule mnunuzi wa hila? Mzee aliyelima, akalea, akabeba mawe ya kujengea kanisa, leo haoni vizuri wala hawezi kusimama wakati wa wimbo. Nasi twasema, Huyu amekwisha. Ndugu aliyeanguka amerudi, bado ana weusi wa njia aliyoipita. Nasi twasema, Huyu ni bandia. Kuchakaa si ubandia. Walimu, mkitembelea nyumba za watu, ulizeni kwanza, Huyu ni wa nani? ndipo mtazame weusi wake.

Lakini mfano huu una mpaka. Rupia iliyochakaa haikutenda dhambi, sisi tumetenda. Sura ya Mungu ndani yetu haikulika kwa kazi tu, imeharibiwa kwa uasi. Ndiyo maana kujisugua ni hatari kubwa kwetu. Jumamosi, kabla ya Meza ya Bwana, mtu hujikwangua kwa maneno mazuri, akajipatanisha kwa mdomo na jirani asiyempenda, ili kesho ang'ae mbele ya wazee wa kanisa. Watu waweza kudanganyika; Yeye ageuzaye mioyo mbele ya nuru yake huiona mikwaruzo.

Hakuna rupia iliyowahi kujirudishia sura yake. Sura hurudi kwa njia moja tu: fedha itiwe motoni, isafishwe, ipigwe chapa mara ya pili na mwenye chapa. Nabii Malaki amemwona Bwana akiketi kama msafishaji wa fedha (Mal. 3:3), na mtume Paulo anena juu ya mtu mpya afanywaye upya kwa sura yake aliyemwumba (Kol. 3:10). Kazi hiyo ilianza katika Ubatizo wako, nayo yaendelea kila siku unapotubu. Basi njoo na weusi wako, uungame kweli, usijisugue. Yeye aliyekutafuta kwa taa hakukutafuta kwa sababu wang'aa, bali kwa sababu wewe ni wake. Na siku uonekanapo, malaika hawataulizana u wa daraja gani; watafurahi.

Amina.