Kiti cha Marehemu Mezani

Mafungu ya kusoma: Kumbukumbu la Torati 26:12-14, Mambo ya Walawi 23:39-43, 1 Samweli 28:3-20, Mhubiri 9:5, 6, 10, Yohana 11:1-44, 1 Wakorintho 10:18-33, 1 Wathesalonike 4:13-18.

Wazo kuu: Mungu hakuwakataza watu wake kuwakumbuka wafu wao. Aliwakataza kuwalisha na kuwauliza.

Jua linapotua tarehe 31 Oktoba, katika nyumba kadhaa za Ireland, Uingereza na Marekani, meza huandaliwa kwa chakula cha jioni na kiti kimoja huachwa wazi. Sahani huwekwa mbele yake, mkate hukatwa, kikombe hujazwa. Kiti hicho ni cha marehemu wa familia. Mahali pengine watu hula kimya tangu mwanzo wa mlo hadi mwisho wake, kwa heshima ya mgeni asiyeonekana. Sikukuu hiyo huitwa Samhain, na jina hilo hutamkwa karibu kama "sawin".

Fikiria dada mmoja Mwadventista kutoka Kenya, muuguzi katika jiji la Dublin. Mama yake alifariki mwaka uliopita, naye hakuweza kusafiri kwenda kumzika. Muuguzi mwenzake, mtu mpole aliyemwona akilia kazini, anamwambia, "Njoo kwangu usiku wa Samhain. Lete picha ya mama yako, tutamwekea nafasi mezani." Afanye nini?

Wengi watajibu upesi kwamba huo ni upagani, asiende. Lakini jibu lisilo na sababu halitamsaidia dada huyu atakaporudi chumbani kwake na kubaki peke yake na ile picha. Anahitaji kujua ni kitu gani hasa Mungu amekataza, na ni kitu gani Mungu amempa badala yake.

Sikukuu ya mwisho wa mavuno

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, Oktoba ni mwezi wa kungojea mvua za vuli. Kule Ireland ni mwezi wa majani kupukutika na mavuno kwisha. Usiku huzidi kurefuka, hata kufikia mwishoni mwa Desemba mchana wa Dublin huwa wa saa saba na nusu hivi tu. Zamani, wakati huu wafugaji waliteremsha ng'ombe kutoka malisho ya milimani, wakachinja wale ambao hawangeweza kuwalisha majira yote ya baridi. Mioto mikubwa iliwashwa vilimani. Maandiko ya kale ya Kiireland, yaliyohifadhiwa na watawa wa Kikristo, yanaieleza Samhain kuwa wakati ambapo vilima vya makaburi hufunguka na wasioonekana hutoka.

Kanisa la Roma nalo likaweka siku zake za wafu katika majira hayo hayo. Karne ya 8, Papa Gregory III aliweka wakfu kikanisa kwa heshima ya watakatifu wote. Karne ya 9, sikukuu ya watakatifu hao ilienea katika nchi za Wafaranki, ikiadhimishwa tarehe 1 Novemba. Baadaye Odilo, abate wa Cluny nchini Ufaransa aliyefariki mwaka 1049, aliagiza watawa wake wawaombee marehemu wote tarehe 2 Novemba. Nyumba nyingi za Ireland ziliendelea kuacha moto ukiwaka na chakula mezani usiku huo, kwa kuamini kwamba wafu wa familia watapita.

Si jambo dogo kwamba barua ya Martin Luther kwa Askofu Mkuu Albrecht wa Mainz, pamoja na hoja zake 95, ina tarehe ya 31 Oktoba 1517, mkesha wa sikukuu ya watakatifu. Hoja zile zilipinga uuzaji wa vyeti vya msamaha, ambavyo watu walinunua hata kwa ajili ya ndugu zao waliokufa. Tangu mwanzo wa Matengenezo ya Kanisa, swali la nini walio hai wanaweza kuwafanyia wafu lilikuwa mezani.

Wakati wa njaa kuu ya mwaka 1845 hadi 1852, Waireland wengi walihamia Marekani wakaenda na desturi zao. Huko zikageuka polepole kuwa michezo ya watoto, maboga yenye taa na peremende. Kisha, baada ya Uingereza kufuta sheria yake ya uchawi mwaka 1951, watu kama Gerald Gardner walitangaza waziwazi dini mpya ya kipagani, na Samhain ikarudi kuwa ibada. Yule muuguzi mwenzake anapomwalika dada yetu, hamwaliki kwenye maboga ya watoto. Anamwalika kwenye meza ya wafu.

Upendo ulio nyuma ya meza hiyo

Mwafrika hana sababu ya kuicheka desturi hii kana kwamba ni ya ajabu. Anayejua tambiko, pombe inayomwagwa kaburini na chakula kinachotengwa kwa ajili ya wazee waliotangulia, ameshaielewa Samhain. Penye tambiko na penye Samhain watu wanasema mambo mawili ambayo Biblia pia inayasema: kifo ni adui, na waliokufa hawastahili kusahauliwa.

Soma Mwanzo 23 na Kumbukumbu la Torati 34:8. Ibrahimu alimlilia Sara, kisha akalipa shekeli 400 za fedha ili apate mahali pa kumzika. Israeli walimlilia Musa siku 30. Hakuna aliyekemewa. Bwana Yesu mwenyewe, akijua kwamba muda mfupi baadaye angemwita Lazaro atoke kaburini, alisimama kwanza pamoja na dada zake akalia (Yohana 11:33-35). Kwa hiyo mtu anayefikiri kwamba imani ya Waadventista juu ya hali ya wafu inamtaka asahau, au asilie, hajaielewa.

Kwa yatima, si kwa wafu

Sasa soma kwa makini Kumbukumbu la Torati 26:12-14. Kila mwaka wa tatu, Mwisraeli aliyekwisha kutoa zaka ya mavuno yake alitakiwa kusimama mbele za Bwana na kutoa tamko. Alitaja kwanza aliowapa chakula kile: Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Kisha alitaja yale ambayo hakuyafanya, na la mwisho kati yake ni kwamba hakutoa sehemu yoyote kwa ajili ya wafu.

Mambo haya mawili yamewekwa pamoja katika tamko moja. Majirani wa Israeli walikuwa na desturi ya kuwalisha wafu, na Zaburi 106:28 inakumbusha kwamba Israeli nao waliwahi kuketi kwenye meza ya namna hiyo kule Baal-Peori. Mungu hakusema tu, "Msiwape wafu." Alionyesha chakula kile kiende wapi. Yatima ni nani, kama si mtoto ambaye marehemu amemwacha? Mjane ni nani, kama si mke ambaye marehemu alimpenda? Mwisraeli aliyetaka kumheshimu ndugu yake aliyekufa aliambiwa awalishe wale ambao ndugu huyo angewalisha kama angekuwa hai.

Hata sikukuu ya mavuno Mungu aliitoa. Sikukuu ya Vibanda iliangukia katika mwezi wa saba, baada ya mazao kukusanywa, yaani karibu na majira yale yale ya Samhain. Katika sikukuu hiyo baba zao walikumbukwa, kwa maana kila familia ilikaa vibandani ili vizazi vijue jinsi Bwana alivyowakalisha wazee wao walipotoka Misri (Mambo ya Walawi 23:43). Waliotangulia walikumbukwa, lakini aliyesemeshwa katika sala ni Mungu. Na walioitwa mezani, kulingana na Kumbukumbu la Torati 16:14, ni pamoja na mgeni, yatima na mjane.

Kama kiti ni kitupu, ubaya uko wapi?

Hapa linakuja swali gumu, na darasa lisilikwepe. Biblia inafundisha kwamba wafu hawajui neno lolote (Mhubiri 9:5, 6) na kwamba mawazo ya mtu hupotea siku anapokufa (Zaburi 146:4). Basi mtu anaweza kusema, "Kama mama yangu amelala hajui kitu, kiti ni kitupu. Kula mbele ya kiti kitupu kunamdhuru nani?"

Mtume Paulo alikutana na hoja inayofanana na hiyo Korintho. Waumini walisema kwamba sanamu si kitu, kwa hiyo chakula chake hakina neno. Paulo alikubali kwamba sanamu si kitu. Hata hivyo akawaonya kwamba nyuma ya sadaka ile kulikuwa na mashetani, naye hakutaka washiriki meza mbili (1 Wakorintho 10:19-21). Kitu kinaweza kuwa kitupu chenyewe, lakini kikatumiwa na mwingine.

Kisa cha Sauli kinaonyesha njia hiyo. Samweli alipokufa, Israeli yote walimlilia, na Sauli alikuwa mfalme wa watu hao (1 Samweli 28:3). Kumlilia Samweli hakukuwa dhambi. Lakini mbinguni kulipokuwa kimya, Sauli alitaka jibu kwa njia yoyote, na kule Endori jibu likaja. Halikutoka kwa Samweli aliyelala, wala halikumwita atubu. Lilimwacha chini, bila nguvu na bila tumaini. Mwenye huzuni anayeandaa kiti, anayewasha taa dirishani, anayenyamaza ili asikie, anajizoeza kungojea. Mtu aliyezoea kungojea sauti ya mpendwa wake hatakuwa na nguvu ya kuikataa itakapoigwa. Hasara haimpati marehemu. Inampata aliye hai, kwa kuwa moyo wake unageuzwa polepole kutoka asubuhi ya ufufuo na kuelekezwa kwenye usiku mmoja wa mwaka.

Kwa hiyo mpaka hauko kati ya kukumbuka na kusahau. Mtu anaweza kuupima kwa maswali matatu. Ninasema na nani: na Mungu na walio hai, au na marehemu? Ninangojea nini: ufufuo, au ziara ya usiku? Na chakula hiki analiwa nacho nani: mwenye njaa, au hakuna mtu? Picha ukutani, maua kaburini, kisa cha mama kinachosimuliwa kwa wajukuu, wimbo aliokuwa akiupenda, vyote vinaweza kupita katika kipimo hicho. Sahani ya Samhain haipiti.

Dada yule ajibu nini?

Paulo anaendelea kutoa ushauri unaomfaa kabisa. Mtu asiyeamini akikualika chakula, nawe wataka kwenda, nenda ukale. Lakini akikuambia kwamba chakula hicho kimetolewa sadaka, usile, kwa ajili ya dhamiri ya yule aliyekuambia (1 Wakorintho 10:27-29). Mwenyeji huyu amesema wazi meza ni ya nani. Dada huyu ana sababu ya kutoketi hapo.

Lakini kukataa meza si kukataa rafiki. Anaweza kumwambia kwa upole, "Asante kwa kumkumbuka mama yangu. Wengine hawakuniuliza hata jina lake. Mimi naamini amelala, na Yesu atamwamsha, kwa hiyo sitamwekea kiti. Lakini njoo kwangu Jumapili, nitapika kama alivyonifundisha, nikusimulie habari zake." Rafiki yule atasikia juu ya ufufuo akiwa amekula chakula cha mama huyo, na akiwa ameketi katika kiti ambacho angekiacha wazi.

Na kanisa lijihoji. Turubai zinapoondolewa, vyungu vinaporudishwa kwa wenyewe na wageni wanapopanda magari, mara nyingi aliyefiwa huachwa. Sabato chache zikipita, watu huogopa kulitaja jina la marehemu. Wengine humwambia mjane, "Usilie, amelala tu," kana kwamba fundisho la kweli limetolewa ili kumnyamazisha. Paulo aliandika habari za ufufuo ili ndugu wafarijiane kwa maneno hayo (1 Wathesalonike 4:18). Kufarijiana kunahitaji watu wawili walioketi pamoja. Ikiwa mtu amepata nafasi ya kulitaja jina la mama yake kwenye meza ya Samhain tu, kosa si lake peke yake.

Kuna viti vitupu katika nyumba za waumini wengi. Mungu anajua kila aliyeviketi, na siku inakuja atakapowaita kwa majina. Hadi siku hiyo, ameagiza ni nani wa kukaribishwa: mjane, yatima na mgeni aliye mbali na kwao.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika jamii yako, ni desturi zipi za msiba zinazomfariji aliye hai, na zipi zinazomsemesha marehemu? Mnatofautishaje bila kuwadharau wazee?

2. Rudia Kumbukumbu la Torati 26:12-14. Ni nani katika kanisa lenu ameachwa na marehemu mliyemzika mwaka huu? Ni lini alikaribishwa chakula mara ya mwisho, na nani?

3. Mtoto Mwadventista anayesoma Ulaya au Marekani anaalikwa na wenzake kwenye michezo ya maboga mwishoni mwa Oktoba. Je, jambo hilo ni sawa na mlo wa Samhain? Tumieni 1 Wakorintho 10:23-33 katika majibu yenu.

4. Kwa nini Yesu alilia kabla ya kumfufua Lazaro? Jibu lenu linabadilishaje namna ya kuzungumza na aliyefiwa?