Nyumba Haina Nuhusi: Risala ya Milango, Milima na Kibla

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeitandaza ardhi na kuikita milima. Na rehema na amani zimfikilie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu yangu Mwislamu, risala hii nimeiandika kwa sababu ya swali moja nililoulizwa, nami sikulijibu kama ilivyopasa.

Jumapili tarehe 3 Desemba mwaka 2023, asubuhi mapema, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima Hanang iliyokuwa imelowa maji iliporomoka. Matope, mawe na magogo yakashuka kwa njia ya makorongo hata Katesh, Gendabi na Jorodom, na watu zaidi ya 80 wakafa. Baada ya msiba ule alinijia mama mmoja aliyefiwa na mumewe. Majirani walimwambia kuwa mlango wake ulitazama mlima, na pembe za nyumba hazikuzikwa fingo. Naye mtu mmoja alitaka mbuzi na fedha ili amzindikie nyumba mpya. Akaniuliza, "Maalim, ni mlango wangu uliomwua mume wangu?" Nami nikamjibu kwa ukali kwamba fingo ni shirki. Akaondoka akilia. Neno langu lilikuwa la haki, lakini silo aliloniuliza. Basi jawabu yake ni hii.

JAMBO LA KWANZA: NUHUSI YA NYUMBA

Jua, Mwenyezi Mungu akurehemu, ya kwamba dhana hii si ya nchi moja. Wachina wana ilimu yao ya zamani iitwayo feng shui, maana yake upepo na maji. Kwayo hutafuta mlima uwe nyuma ya nyumba na maji yawe mbele. Watu wa pwani yetu wamekwenda kwa wapiga ramli na watazamia nyota kabla ya kuchimba msingi, na wengine wakafukia fingo. Waarabu wa jahiliya nao, walipohirimia Hija, waliona ni dhambi kuingia nyumba zao kwa mlango, wakaingia kwa nyuma. Mwenyezi Mungu akalikata jambo hilo katika Suratul Baqara, aya ya 189, akatufundisha kuwa wema ni ucha Mungu, na nyumba ziingiwe kwa milango yake.

Waarabu hao pia walimrusha ndege, wakatazama aruka upande gani ndipo wasafiri. Nasi katika Kiswahili twasema hata leo "ndege njema" na "ndege mbaya". Mtume (S.A.W.) aliikanusha tiyara hiyo. Na mwanawe Ibrahim alipofariki, jua lilipatwa siku ile ile, watu wakasema limepatwa kwa kifo chake. Mtume (S.A.W.), juu ya huzuni ya mzazi, hakuliacha neno lile lipite: aliwafunza kuwa jua na mwezi ni ishara mbili za Mwenyezi Mungu, wala hazipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Ikiwa jua halikupatwa kwa kifo cha mwana wa Mtume, itakuwaje mlango wa mbao uue mtu wa Katesh?

Ukisema: "Mbona Abu Daud amepokea khabari ya watu waliohama nyumba, wakapungukiwa watu na mali, na Mtume akawaamuru waiache?" Nitakujibu: wanavyuoni wameeleza kuwa aliwaamuru kuhama ili wasiwasi ukatike nyoyoni mwao, si kwa kuwa kuta zina nguvu ya kudhuru. Mtu aichukiaye nyumba na ahame. Lakini asiitakidi kuwa nyumba ndiyo iliyomfisha maiti wake.

JAMBO LA PILI: WAZEE WA NCHI HII

Wairaqw wa zamani walimwita Mungu Looaa, na neno hilo ndilo jina la jua. Waliogopa pia pepo wa chemchemi na mito, waitwao neetlaamee. Wadatoga nao waliutukuza mlima Hanang, ambao urefu wake ni mita 3,417. Itikadi hizo sisi hatuzifuati, kwani katika Suratu Fussilat, aya ya 37, tumekatazwa kulisujudia jua na mwezi, tukaamriwa kumsujudia aliyeviumba.

Lakini si haki kudharau akili ya wazee. Wairaqw walizichimba nyumba zao katika ubavu wa kilima, wakaziezeka kwa udongo, paa likalingana na ardhi, ili wavamizi wa Kimasai waliokuja kuteka ng'ombe wasizione kwa mbali. Hiyo haikuwa nuhusi wala ndege. Ilikuwa ni kuijua nchi na kujihadhari na adui. Na mwenye kuogopa pepo wa chemchemi, khofu yake ni batili, lakini kutojenga juu ya chemchemi ni jambo jema: maji hubaki safi na msingi haulowi. Mwislamu aitupe itikadi mbovu, na faida aishike.

JAMBO LA TATU: UPANDE TULIOAMRIWA

Sharia imetupa upande mmoja, nao ni kibla. Katika madhehebu ya Imam Shafii, kuielekea Kaaba ni sharti ya kusihi sala. Maiti wetu tunawalaza kwa ubavu wa kulia wakiielekea. Mwenda haja uwanjani pasipo kizuizi ni haramu kwake kuielekea au kuipa mgongo. Na chooni kilichojengwa, kujiepusha ndiyo adabu. Upande huu ni wa ibada, si wa bahati. Wala hatukuahidiwa kuwa nyumba iliyoelekea Makka haitaanguka.

Wengi katika Mbulu na Hanang huelekea mashariki kwa kukisia. Ndugu zangu, Makka kwetu ni kaskazini, ikielemea mashariki kiasi cha daraja 9 tu. Mwenye shaka na asimamishe fito wima tarehe 28 Mei saa sita na dakika 18 mchana, au tarehe 16 Julai saa sita na dakika 27. Wakati huo jua liko juu ya Kaaba. Kutoka ncha ya kivuli kuliendea shina la fito, huko ndiko kibla. Hii ndiyo faida ya ilimu ya falaki, si kuagulia misingi.

JAMBO LA NNE: MAHALI PA KUJENGA

Katika Suratu Tawba, aya ya 109, Mwenyezi Mungu amepiga mfano wa aliyejenga juu ya ukingo wa bonde unaomomonyoka, ukaanguka naye. Mfano huo ni wa dini ya mnafiki. Lakini aliyeona matope ya Hanang anaufahamu kwa macho. Na Mtume (S.A.W.) alimwamuru mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha ategemee. Basi usijenge katika mkondo wa korongo, hata kama limekauka miaka mingi. Waulize wazee maji ya masika ya zamani yalipita wapi. Usikate miti ya mteremko ulio juu ya nyumba za watu. Na fedha ya mbuzi wa fingo, inunulie mawe ya msingi. Kulinda nafsi ni katika makusudio ya sharia.

JAWABU YA YULE MAMA

Mama yangu, mlango wako haukumwua mumeo. Ajali yake iliandikwa, na sababu yake ilikuwa mlima uliolowa maji. Mtume (S.A.W.) amewahesabu aliyeangukiwa na jengo na aliyekufa maji katika mashahidi. Hao ni mashahidi wa akhera: huoshwa na kusaliwa kama maiti wengine, na daraja yao iko kwa Mola wao. Basi wanaokutia hatia wanamsingizia mtu ambaye Mola wake amemkirimu. Jenga mlango wako upande utakaopitisha mwanga na kuzuia upepo, na ukiingia toa salamu na umtaje Mwenyezi Mungu. Nami nakutaka radhi kwa ukali wangu.

Nanyi majirani, badala ya kuutazama mlango wa mjane umeelekea wapi, bisheni hodi, mwingie na tofali na unga.

Ewe Mola wetu, uwarehemu waliofukiwa, uwape subira waliobaki, na ututoe katika khofu ya kila kitu isipokuwa Wewe. Amin. Wallahu aalam.