Mbwa wa getini akiugua: rehema, au kuikimbia amana?



Ndugu mmoja wa hapa Dar es Salaam aliuliza swali baada ya darsa ya Alasiri, na watu wakacheka. Alisema ana mbwa wa ulinzi aliyemfuga mwaka wa nane sasa. Mbwa huyo ameugua, hali, hawezi kusimama, anajisaidia pale pale alipolala, na usiku analia mpaka majirani wanagonga ukuta. Daktari wa mifugo amempima na kusema figo zimekufa, hapana dawa ya kumrudisha. Mke anataka aondolewe leo kwa sababu ya najisi. Kijana wake wa kidato cha pili anasema baba, mrudishe kwa daktari. Na mlinzi wa jirani amejitolea, kwa pesa kidogo tu, kumaliza kazi kwa kipande cha nyama na sumu ya panya. Afanye nini? Je, akimchoma sindano ya kumaliza maisha atakuwa amefanya dhambi?

Mzee mmoja akasema, "Mbwa tu huyo, sheikh, tuulize ya maana." Ndipo kicheko kikazuka. Mimi naona swali lile lilikuwa la maana sana, na hicho kicheko ndicho kilichonifanya niandike.

Tuanze na hili la "mbwa tu". Ni kweli kwamba katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo tuliyolelewa nayo wengi wetu katika pwani hii, mbwa ni najisi nzito, na chombo alichoramba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Ni kweli pia kwamba Mtume (s.a.w) ametahadharisha kufuga mbwa bila ya haja, na kwamba mwenye kufanya hivyo hupungukiwa na ujira wake kila siku. Lakini Mtume (s.a.w) huyo huyo aliwatoa katika onyo hilo mbwa wa kuwindia, wa mifugo na wa shamba. Imamu Nawawi ameeleza kuwa kauli iliyo sahihi zaidi ni kuwa mbwa wa kulinda nyumba naye huingia humo kwa kiasi, kwani sababu ni moja, nayo ni haja. Na mji wetu huu, wenye kuta zilizopandwa vipande vya chupa na walinzi wa miguu miwili wanaosinzia kuanzia saa sita, haja hiyo hauhitaji kuielezwa.

Basi najisi ni hukumu ya kuosha. Si hukumu ya kuchukia, wala si ruhusa ya kutesa. Wenye kudhani kuwa mbwa kwa unajisi wake ametoka katika huruma ya sheria na wafungue vitabu vya fiqhi mlango wa tayamamu. Humo mafaqihi wetu wa Kishafi wameandika kuwa mtu akiwa na maji ya udhu tu, na pana mnyama mwenye kuheshimika kisheria anayekufa kwa kiu, basi maji yale ampe mnyama na yeye atayamamu kwa udongo. Na katika wanyama hao wenye kuheshimika wamemhesabu mbwa mwenye manufaa, asiye mkali wa kudhuru watu. Ndugu msomaji, hebu lipime jambo hili. Udhu, ufunguo wa swala, unaachwa ili mbwa anywe maji! Sasa yule anayesema "mbwa tu" kaipata wapi dini yake?

Na nani asiyeijua habari ya mtu aliyeteremka kisimani, akajaza maji katika kiatu chake, akakishika kwa meno akapanda nacho kumnywesha mbwa aliyekuwa akila udongo kwa kiu, Allah akamsamehe? Wamepokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (r.a). Masahaba waliposhangaa wakauliza kama katika wanyama nako kuna ujira, wakajibiwa kuwa katika kila chenye uhai kuna ujira. Na upande wa pili yuko mwanamke aliyeingia motoni kwa ajili ya paka. Hakumpiga wala hakumchoma moto. Alimfungia tu, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie wadudu wa ardhini.

Habari hii ya paka inamhusu moja kwa moja mwenye mbwa mgonjwa. Mbwa wa getini hakujileta. Wewe ndiye uliyemchukua angali mtoto, ukamfunga mnyororo mchana na kumfungulia usiku, ukamzuia asiende kujitafutia jalalani kama mbwa koko wenzake. Umezifunga njia zake zote za riziki isipokuwa mkono wako. Hiyo ni amana. Na amana haivunjiki siku anaposhindwa kubweka. Abu Dawud amepokea kuwa Mtume (s.a.w) aliingia katika bustani ya mtu wa Ansari, ngamia mmoja alipomwona akatoa machozi, naye akampangusa kichwa mpaka akatulia. Kisha akamwita mwenyewe na kumuuliza kama hamuogopi Allah kwa mnyama aliyemmilikisha, maana ngamia yule alikuwa amelalamika kuwa anatiwa njaa na kuchoshwa.

Tuje sasa kwenye swali lenyewe: je, inajuzu kumuua ili apumzike?

Hapa nataka tuseme ukweli wa kielimu bila kuficha, kwa sababu wako wanaosema ni haramu kwa ijmai, na wako wanaosema ni halali hapana aliyepinga. Wote hao wamekosea. Suala hili lina hitilafu ya zamani. Mafaqihi wa Kishafi wameandika kuwa ni haramu kumchinja mnyama asiyeliwa hata kama ni kwa kumpumzisha, na mfano wanaoutoa ni punda aliyelemaa. Mahanbali wanakaribiana nao. Hoja yao si ndogo: roho ni ya Allah, nawe si mwenyewe wa kuamua siku yake. Lakini Wamaliki wamelijuzisha hilo kwa mnyama asiyeliwa ikiwa amekatiwa tamaa, na Wahanafi nao hawaoni ubaya kwa mnyama aliyeugua ugonjwa usio na matumaini. Hawa wanaangalia kuwa kumwacha kiumbe ateseke bila ya faida yoyote ni adhabu, na adhabu kwa mnyama imekatazwa.

Wengine watasema, mbona maumivu kwa muumini ni kafara? Naam, kwa muumini. Mwanadamu amekalifishwa, ana dhambi za kufutwa na daraja za kupandishwa, ana ulimi wa kuleta shahada na kuwaomba watu radhi mpaka pumzi ya mwisho. Ndiyo maana kumuua mgonjwa eti kwa kumhurumia ni haramu, na hilo halina mjadala. Mbwa hana dhambi. Maumivu yake hayafuti chochote. Kwa hiyo asije mtu kesho akaichukua makala hii akaipeleka wodini.

Mimi, pamoja na kuwa nimesomeshwa kwa vitabu vya Kishafi, naona kwa mbwa wa ndugu yetu yule, ambaye mtaalamu amekwishasema hapana dawa, na maumivu yake yanaonekana kwa macho, kuichukua kauli ya Wamaliki na Wahanafi kuna nafasi. Hatakuwa amefuata matamanio. Na anayetaka kubaki na kauli ya Mashafi, abaki nayo, ni kauli ya wanavyuoni wakubwa. Lakini aibebe yote! Maana nimeona watu wakishika nusu ya kauli hii: wanasema "haramu kumuua", kisha wanamburuta mbwa nyuma ya banda, juani, bila maji, nzi wanamla vidonda, wanasubiri. Huko siko kumwachia Allah. Hayo ndiyo yaliyompeleka yule mwanamke motoni. Anayesema hauawi ni lazima amtie kivulini, amnyweshe hata kwa kijiko, amgeuze ubavu, amsafishe, na amwombe daktari dawa ya kupunguza maumivu mpaka ajali yake ifike. Kuhusu najisi, vaa glavu au mfuko wa plastiki mkononi, na kilichokugusa chenye maji uoshe mara saba, moja kwa udongo, ukaswali. Kikavu kwa kikavu hakihamishi najisi. Wallahu aalam.

Kabla ya sindano, hata hivyo, pana jambo linalorukwa. Hakikisha kwanza kuwa ni kweli hapana tiba. Mbwa wengi wa mjini humu wanaodhaniwa wanakufa wana homa ya kupe, na homa hiyo ikiwahiwa hutibika kwa dawa za kawaida za antibayotiki. Wako wenye uvimbe unaotoa damu sehemu za siri, uvimbe ambao mbwa huambukizana wanapopandana. Watu wakiuona wanasema ni saratani, amekwisha, kumbe ni katika uvimbe unaosikia dawa vizuri kuliko aina nyingine nyingi. Kwa hiyo anayetoa hukumu ya ugonjwa ni daktari wa mifugo. Si mlinzi, si jirani aliyechoshwa na kelele, na wala si mimi mwandishi. Na wewe mwenyewe mwangalie siku chache: anakula? anakunywa? anainuka akikuona? anapumua bila taabu? Siku mbaya zikizidi nzuri, na daktari akisema hazitarudi, hapo swali la kumpumzisha limefika.

Jambo la pili ni nia. Uzee si ugonjwa. Mbwa amekuwa kipofu, meno yameng'oka, habweki tena, na baba mwenye nyumba ameshaahidiwa mtoto wa mbwa wa Kijerumani. Anaita hiyo rehema? Miaka kumi amelala nje mvua ikimnyeshea ili wewe ulale ndani, leo unamtafutia sindano kwa kuwa sahani yake imekuwa gharama. Huyo hana fatwa kwangu. Ila yule maskini wa Mungu asiyeweza kulipia upasuaji asijitie hatiani. Hatakiwi kukopa na kuwaacha wanawe na njaa. Na afanye analoliweza.

Ama sumu ya panya, hapana. Hapana kabisa. Mtume (s.a.w) amefundisha, katika hadithi ya Shaddad bin Aws aliyoipokea Muslim, kuwa Allah ameandika ihsani katika kila kitu, hata katika kuua na kuchinja, na kuwa kisu kinolewe na mnyama apumzishwe. Nyingi ya sumu za panya zinazouzwa barabarani humvujisha mnyama damu ndani kwa ndani, na kifo chake huchukua siku kadhaa. Nyingine humtia degedege na akili zake zote anazo. Rungu, kamba na kumtupa porini "akafie mbele" ni vivyo hivyo. Daktari humtuliza kwanza, kisha humpa kwenye mshipa dawa ya usingizi kwa kipimo kikubwa. Mnyama husinzia katika muda mfupi, na moyo husimama akiwa hajui lolote. Nchi yetu pia ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, kwa hiyo anayedhani mnyama wake ni mali yake ya kufanyia apendavyo na ajue kuwa hata serikali haikubaliani naye.

Haya yote ni kwa ugonjwa usiokuwa kichaa. Mbwa mwenye kichaa ni mlango mwingine, na wala hapana hitilafu ya kutuchosha, kwani mbwa wa kudhuru ametajwa katika hadithi ya viumbe vitano vinavyouawa hata katika Haram. Mbwa akibadilika tabia ghafla, akatokwa na mate mengi, akashindwa kumeza, miguu ikalegea, usimguse wala usimtibu nyumbani. Piga simu ofisi ya mifugo ya manispaa. Akiwa ameng'ata mtu au mate yake yameingia kidondani, jeraha lioshwe mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo, maana ugonjwa huu ukishaonyesha dalili kwa binadamu karibu hapana anayepona. Na kichwa cha mbwa kisipondwe, kwa sababu ubongo ndio unaopimwa kujua kama alikuwa na kichaa.

Ndugu yetu akishafanya aliloamua, achimbe shimo la kina. Dawa ile hubaki katika mzoga, na mbwa koko au kunguru atakayeufukua atakufa nayo. Asimtupe jalalani. Na kijana wake wa kidato cha pili amchukue waende pamoja kwa daktari, amweleze kila hatua na kwa nini, asije akarudi shule jioni akakuta mnyororo mtupu getini na watu wazima wakimwambia mbwa amepotea.