MWALIMU AKIKUDANGANYA KWA NIA NJEMA, JE, NI HALALI?

Kijana, simama kidogo! Hata kama unakimbilia gari ya Wete, au unakwenda zako maskani, karatasi hii haiuzwi. Nina swali moja tu kwako.

Ni msimu wa karafuu. Kijana anapanda mkarafuu kwa mara ya kwanza, miguu inatetemeka. Fundi wake yuko chini. Anajua tawi lile hata yeye asingelikanyaga, maana tawi la mkarafuu halikupi nafasi ya kujishika, linakatika tu mara moja! Lakini hataki kijana afe moyo. Anapaza sauti: "Panda mwanangu, hilo linabeba watu wawili!" Nia yake ni njema kabisa. Je, amefanya vizuri?

Wengine mtasema, si amemtia moyo? Haya. Angeweza pia kusema: "Hilo silo, shika la kushoto, mimi nakuangalia." Hapo pia amemtia moyo, na mgongo wa mtoto wa watu umesalimika.

Sasa tazama jambo hili. Februari 2013 yalitoka matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, Bara na Visiwani. Zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri. ZAIDI YA NUSU! Serikali ikaunda tume, Mei mwaka uleule matokeo yakafutwa na kupangwa upya kwa utaratibu mwingine, na bado walioanguka wakawa wengi kuliko waliofaulu. Watu walitaja uhaba wa walimu, vitabu na maabara. Ni kweli yote. Lakini mimi najiuliza: katika miaka ile minne, nani alimwambia mtoto yule hali yake? Sifuri haiji kwa siku moja. Mwalimu anayeandika "vizuri sana" kwenye daftari bovu, kwa kumhurumia tu, anajua anachokificha. Kijana anayeambiwa akiwa kidato cha pili kwamba hesabu zake ni dhaifu ana miaka miwili ya kutafuta mtu wa kumfundisha jioni. Anayekuja kuambiwa na karatasi ya matokeo hana hata wiki. Huruma ile imemwibia miaka miwili, na hakuna wa kumrudishia.

Utaniuliza: "Mbona hata kwenye Biblia wapo waliodanganya?" Wapo! Wakunga Shifra na Pua walimdanganya Farao, watoto wachanga wakapona, na Mungu akawatendea mema. Sikatai. Lakini angalia nani alidanganywa. Farao alitaka ukweli ili aue. Mwanafunzi anautaka ili aishi. Utamtendeaje mtoto aliyekuamini sawa na muuaji aliyesimama mlangoni?

Soma mwenyewe Wafalme wa Kwanza, sura ya 13. Mtumishi mmoja ametoka Yuda, amekatazwa kula wala kunywa kule Betheli. Nabii mzee akamfuata, akamkuta chini ya mwaloni, akamwambia malaika amesema urudi kwangu ule. Uongo! Kwa nini alisema vile, hatuambiwi. Labda alitaka tu kukaa na mwenzake mezani. Yule akarudi, kwa kuwa aliyesema ni mzee, tena ni nabii. Angemwamini nani mwingine? Alipoondoka, simba akamuua njiani. Mzee akauchukua mwili, akaulilia, akauzika katika kaburi lake mwenyewe. Machozi yale hayakuwa ya kuigiza, lakini maiti haikuamka.

Sisemi mwalimu amwage kila kitu siku ya kwanza. Anayejifunza kuogelea hasimuliwi papa wote wa Mkondo wa Pemba. Kunyamaza kwa kipimo ni sehemu ya kufundisha. Lakini mtoto akishauliza kwa mdomo wake, "Je, huko kuna papa?", basi jibu ni moja.

Na wewe kijana, usimtupie mwalimu mzigo wote. Wengi wetu tunapenda kudanganywa! Leo jioni nenda kwa mwalimu wako wa skuli, au ustadhi wako, au fundi wako wa cherehani. Msalimie kwa adabu, umwulize: "Mimi hasa nimefikia wapi?" Akikujibu usinune. Mwulize na la pili: "Nianzie wapi?"